Sura ya Sita: Mume Aliyekwenda Ukweni Kuomba

Ndugu wa mume wamemsimanga Bugonoka kwa sababu hazai. Maneno yamefika kwa wazazi wake, nao wamekuja kumchukua mtoto wao. Myombekere anabaki na nyumba yake, ng'ombe wake na nguvu zake. Umri wa kuoa tena anao, na ukoo mzima unamtazama ukingoja afanye hivyo. Hakuna atakayemlaumu. Mila iko upande wake na mama zake wakubwa na wadogo wako upande wake. Yeye anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe arudi.

Myombekere ni mtu wa kubuni. Kama umetembea nami tangu sura ya kwanza, huenda ulitarajia kwamba mwalimu wetu wa uanaume wa Kikristo angekuwa mtakatifu fulani, au angalau mtu aliyebatizwa. Huyu hakubatizwa. Aliwekwa katika Ukerewe ya kale, kabla misalaba haijasimamishwa kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria. Anatambika kwa mizimu ya kwao na kumwendea mganga. Hata hivyo sijaona katika vitabu vya Kiswahili mwanaume mwingine ambaye ningependa zaidi vijana wa bonde la Kilombero wakae naye msimu mzima, wamtazame anavyoishi na mkewe, kisha wajiulize kama wao waliobatizwa wamefika alipofika yeye.

Aliyemuumba alikuwa Mkristo. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akapita seminari ya Rubya kule Bukoba, na kwa miaka mingi akaitumikia misheni ya Kagunguli kwa lugha na kalamu. Kitabu chake alikimaliza mwaka 1945, akikiandika kwa Kikerewe. Hakikupata wa kukichapa. Uzeeni alikaa akakigeuza chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na Tanzania Publishing House wakakitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980, kikiwa na jina refu linalotaja familia nzima: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilichapwa China. Nakala zilipofika nchini mwaka 1981, mwandishi alikuwa ameshaaga dunia.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo msomaji anapaswa kulijua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kitereza na mkewe Anna hawakujaliwa kuwa na mtoto aliyekua. Kwa jamii ya wakati ule, na kwa mwanaume msomi aliyekuwa na jina, njia ya kutokea ilikuwa wazi: kumwacha Anna au kumwongezea mwenzake. Alikaa na Anna. Myombekere katika kitabu mwishowe anapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Kitereza alimpa mtu wake wa kubuni kile ambacho yeye mwenyewe hakupewa. Ndiyo maana nawasihi wanaume wasikisome kitabu hiki kama hadithi ya mtu mvumilivu aliyelipwa. Sehemu ya kujifunza ni ile iliyo kabla ya mimba, wakati Myombekere hana hakika ya chochote isipokuwa kwamba mke wake ni mke wake.

Sasa tuteremke bondeni kwetu.

Kilombero ni nchi ya mpunga na maji. Upande wa magharibi Udzungwa imesimama kama ukuta. Upande wa pili ni milima ya Mahenge. Katikati ni mbuga ambayo mvua za masika huigeuza ziwa. Serikali iliiingiza mbuga hiyo katika orodha ya dunia ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2002, karibu kilomita za mraba elfu nane. Wandamba wameishi kwa mtumbwi na nyavu tangu zamani, Wapogoro na Wambunga wamelima, Wabena wa Utengule wametawala upande wa juu wa mto. Leo kuna Wasukuma na ng'ombe wao, Wahehe, Wangoni, na watu walioletwa na reli ya TAZARA miaka ya sabini wakabaki. Wote wanalima mpunga.

Na kilimo cha mpunga ni kazi ya ndoa. Yeyote aliyelelewa hapa anaijua kalenda. Mvua zikikaribia familia inahama mjini au kijijini, inakwenda kukaa shambani kwenye kibanda, mbali na shule, mbali na kanisa. Kuna vigango ambavyo Jumapili ya Februari havina hata watu wa kujaza mabenchi mawili. Mume akilima au akikodi trekta, mke yuko nyuma yake na mbegu. Palizi inainamisha migongo ya wote, ila mgongo wa mwanamke huinama zaidi. Kisha mpunga unachanua na ndege wanakuja kwa maelfu, na mtu lazima akae juu ya dungu kuamia tangu alfajiri hadi jua lizame, siku baada ya siku. Mara nyingi mtu huyo ni mke. Mavuno yakianza, Mei na Juni, wanakata pamoja, wanapiga pamoja, wanapeta pamoja.

Halafu magunia yanapelekwa mashineni, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Mpunga umelimwa na watu wawili, pesa inahesabiwa na mmoja. Nimewasikia mapadre, walimu wa dini na wazee wa mabaraza ya ndoa wakisema jambo lile lile kwa masikitiko yale yale: kesi zao huongezeka baada ya mavuno. Mwanaume aliyekuwa na subira miezi saba kwenye kibanda, akila ugali na kambale pamoja na mkewe, anaingia Ifakara mjini na bahasha, na ghafla anakumbuka kwamba mkewe hajazaa. Au amezaa wasichana watupu. Au amezaa, lakini amechoka kwa kazi ile ile waliyoifanya pamoja, na pale karibu na stendi kuna ambaye hajachoka.

Anayetaka kumwacha mke kwa kutozaa mara nyingi hatumii neno kuacha. Mazungumzo hujirudia hivi, kijana na mwalimu wa dini wa kigango, kwenye kivuli cha mwembe:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila nimempeleka kwao akapumzike kidogo."

"Anaumwa?"

"Haumwi, mwalimu. Maneno tu yamekuwa mengi pale nyumbani."

"Maneno ya nani?"

Hapo kijana hutazama chini. Maneno ni ya mama yake na dada zake. Yeye mwenyewe hakusema neno baya hata moja, na hilo ndilo analojivunia: hakumpiga, hakumtukana. Alinyamaza tu wakati wengine wanasema, kisha akakodi bodaboda impeleke kwao na begi lake.

Katika kitabu cha Kitereza, kunyamaza huko ndiko kunakopewa adhabu. Wakwe hawamrudishii Myombekere mke wake kwa sababu tu amekuja na sura ya huzuni. Wanamtoza. Aandae pombe ya ndizi, mitungi kadhaa, ailete, inywewe na watu wa ukweni mbele ya macho ya wote. Kosa lilifanywa na ndugu zake, faini inalipwa na yeye, kwa kuwa mke alitukanwa chini ya paa lake. Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi na kila mara naona ni wa haki. Mwanaume aliyeoa amesimama mlangoni mwa nyumba yake. Kinachoingia na kumjeruhi mkewe kimempita yeye.

Myombekere halalamiki kwamba ameonewa. Anakwenda kuitengeneza hiyo pombe. Kitereza anaieleza kazi hiyo kwa utulivu wa mtu aliyeiona tangu utoto, hatua kwa hatua, na msomaji wa leo mwenye haraka anaweza kutamani kuruka kurasa. Asiruke. Ndizi haziivi kwa kuharakishwa, na pombe haichachuki kwa sababu mtu amemkumbuka mkewe. Kuna siku za kungoja, kuna majirani wa kuombwa msaada, kuna mizigo ya kubebwa, na njia nzima watu wanajua mitungi hiyo inakwenda wapi na kwa nini. Aibu ya mke kutozaa, ambayo ukoo ulitaka aibebe peke yake, mume anaibeba mchana kweupe. Sijui mahubiri yanayoweza kueleza sakramenti ya ndoa vizuri kuliko safari hiyo ya mitungi, ingawa aliyeifanya hakuwa ameisikia sakramenti hata kwa jina.

Tuna Yosefu, atasema mtu. Kweli tunaye. Papa Fransisko alimtolea mwaka mzima, kuanzia Desemba 2020 hadi Desemba 2021, na parokia za bonde hili zilisali sala zake kwa bidii. Mathayo anatueleza kwamba Yosefu, alipodhani ana sababu zote za kumwacha Maria, kwanza kabisa aliwaza jinsi ya kutomwaibisha. Humo mna uanaume mzima. Lakini Injili ni fupi. Haituambii Yosefu alisema nini kwa mama yake, wala aliwajibuje mafundi wenzake waliokuwa wakinong'ona kwenye karakana. Kijana wa Mang'ula au Mlimba anahitaji kuona jambo hilo likitembea kwa miguu: asubuhi mume anasema nini, jioni anafanya nini, shangazi akija anaketishwa wapi. Riwaya inaweza kulifanya hilo, na Kitereza, aliyezijua Injili vizuri, alilifanya kwa kurasa mia kadhaa.

Historia ya Kanisa katika bonde hili inaeleza kwa nini ninasisitiza mambo ya nyumbani kiasi hiki. Wabenediktini Wajerumani walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye Vita vya Maji Maji vililifikia boma la Mahenge, na baada ya vita ikaja njaa. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na kuanzia mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakachukua kazi, pamoja na masista wa Baldegg. Jimbo la Mahenge likaundwa mwaka 1964, na mwaka 2012 Ifakara ikapata jimbo lake, askofu wa kwanza akiwa Salutaris Libena. Katika miaka hiyo yote mwanaume Mkatoliki wa bondeni amefundishwa mengi mazuri: kuchangia kanisa, kuchoma tofali za shule, kusomesha watoto, kutokunywa hadi kulala njiani. Lakini alipofundishwa kuhusu mke wa pili, mara nyingi alifundishwa kama sheria. Ukioa wa pili hutapokea komunyo. Wengi walilipokea hilo, wakapiga hesabu, wakaamua kukaa miaka kumi bila komunyo kisha watengeneze mambo uzeeni. Sheria peke yake inamwachia mtu nafasi ya kupiga hesabu. Myombekere haongozwi na katazo lolote. Jamii yake inamruhusu wake wengi, na hataki, kwa sababu anamtaka Bugonoka. Mwanaume wa aina hiyo, akisikia Injili, inamkuta tayari amelima shamba.

Liko jambo jingine ambalo Myombekere analifanya, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa linaumiza nyumba nyingi za Ifakara. Mke akisharudi, Myombekere anaamua kwamba kutozaa ni shida ya nyumba. Anatafuta matibabu, anamfikia mganga Kibuguma, anafuata masharti. Hampeleki mke kama mtu anayepeleka baiskeli mbovu kwa fundi na kukaa pembeni akingoja.

Linganisha na sisi. Tunaishi katika mji ambao watafiti wa dunia nzima wanaujua. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ndogo hapa, na kutokana nayo imekua Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo kazi zake juu ya mbu na malaria zinasomwa kila bara. Tuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo watu wanaifuata kutoka Malinyi na kutoka ng'ambo ya mto. Mwanaume wa Ifakara ametoa kidole kitobolewe kwa kipimo cha malaria mara nyingi kiasi kwamba hahesabu. Ameruhusu mitego ya mbu iwekwe chumbani kwake. Lakini akiambiwa kwamba mbegu zake zipimwe, anasimama, anavaa kofia, anaondoka. Mke ndiye atakayezunguka: hospitali, kwa mganga wa mitishamba, kwa nabii wa mjini, kisha hospitali tena, na kila mahali anajibu maswali peke yake.

Wataalamu wamelisema wazi, na ninaliandika hapa ili mwanaume asome akiwa chumbani bila mtu wa kumtazama: katika nyumba nyingi zisizo na mtoto, tatizo liko kwa mume, au liko kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukutana na ugumba katika maisha yake. Kisonono na klamidia visipotibiwa mapema huweza kuziba mirija ya mwanamke, na mara nyingi aliyeleta ugonjwa nyumbani ni yule anayelalamika kwamba nyumba haina mtoto. Kipimo cha mwanaume ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Hakina kisu. Ninaamini kwamba mwanaume anayekwenda kupimwa kwanza, kabla mkewe hajapimwa, amefanya tendo la kiume kuliko aliyeoa wanne. Wanaokwenda wote wawili mkono kwa mkono, wakakaa benchi moja la kungojea, wamefanya vizuri zaidi.

Na ikiwa majibu yatakuja kwamba hakuna mtoto? Hapo Myombekere hawezi kutusaidia tena, maana yeye alimpata Ntulanalwo. Inabidi tumgeukie mwandishi mwenyewe, kule Kagunguli na Anna wake, akiandika kila siku juu ya nyumba iliyojaa sauti za watoto. Hakuacha watoto wa kulibeba jina lake. Aliyekuja kukitafsiri kitabu chake kwa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Ukerewe hiyo hiyo. Tafsiri ikatoka Dar es Salaam mwaka 2002. Kabla ya hapo kilikuwa kimeshasomwa kwa Kijerumani. Mtu anaweza kusema kitabu ni uzao wake, nami sitamkatalia, ila nadhani Anna ndiye aliyekuwa sababu ya kutosha. Kitereza alibaki naye kwa kuwa aliahidi, na kwa kuwa alimpenda, na hakuhitaji hoja ya tatu.

Sisemi kwamba kila kitu katika kitabu kifundishwe. Yamo maneno juu ya wanawake ambayo nisingependa mwanangu ayarudie, na kuna mambo ya uganga ambayo padre yeyote atataka kuyaongelea. Kitereza aliandika ili mila za Wakerewe zisipotee, kwa hiyo aliweka yote, tamu na chungu. Msomaji Mkristo anapaswa kuwa na akili ya mtu anayepeta mpunga upeponi. Lakini asiyakatae yote kwa sababu ya makapi, kama alivyofanya mwanaume mmoja niliyempa kitabu, akanirudishia baada ya wiki na kuniambia kwamba mtu asiyebatizwa hana la kumfundisha. Huyo ningependa asome tena habari za yule akida wa Kirumi wa Kafarnaumu, na jinsi Bwana alivyomstaajabia.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, katika parokia za bonde, na viongozi wa jumuiya ndogondogo, jambo linalowezekana kabisa. Kitabu hiki kisomwe kwa sauti. Kipatikane hata kimoja kwa parokia, kipewe msomaji mwenye sauti nzuri, na usomaji uanzie pale wazazi wa Bugonoka wanapokuja kumchukua binti yao, uendelee hadi mitungi ifike ukweni. Kurasa hizo zinatosha jioni nne au tano. Wakati mwafaka ni Aprili, kabla ya mavuno, huko huko kwenye mashamba ambako familia zimekusanyika na hakuna televisheni. Mwalimu wa dini anaweza kuvuka kwa mtumbwi na kitabu kikiwa kimefungwa kwenye nailoni. Wanawake wasikae nje wakipika wakati wanaume wanasomewa. Na mama wakwe, dada na shangazi wa upande wa mume waalikwe kwa majina, wapewe nafasi ya mbele, kwa sababu katika kitabu hicho moto uliwashwa na wao, na baada ya kusomewa wana haki ya kusema wanavyoliona jambo hilo, hata kama watasema usiku kucha.